Kitanda cha kulalia chini ya gari: kipindue kabla hujakilalia

Ukitaka kujua kama kitanda cha fundi ni imara, usianze kwa kukilalia. Kipindue. Upande wa juu umetengenezwa kuvutia macho: sponji nene, reksini inayong'aa, mto wa kichwa. Upande wa chini ndio unaobeba mtu, na huko ndiko vitanda vinakofia. Kitanda kilichotupwa nyuma ya gereji mara nyingi reksini yake bado ina nafuu. Kilichokiua ni gurudumu moja lililolala ubavu, au kona ya fremu iliyopasuka kwenye weldi.

Hapa tunapima aina nne zinazouzwa: cha fremu ya bomba la chuma chenye sponji, cha plastiki kilichofinyangwa kipande kimoja, kile kinachokunjwa kuwa kiti, na cha mbao. Watengenezaji ni wengi na vitanda vyao vinafanana sana, kwa hiyo jina lililobandikwa ubavuni halikusaidii kama kujua cha kuangalia ukiwa umesimama mbele ya kitanda chenyewe.

Magurudumu

Kasta, yaani magurudumu yanayogeuka pande zote, za vitanda vya kawaida huwa na kipenyo cha milimita 50 hadi 75. Kwenye sakafu ya zege iliyolainishwa na kufagiwa, zile za 50 zinatosha. Lakini sakafu ya gereji haikai safi hata saa moja: kuna nati iliyodondoka, changarawe iliyotoka kwenye tairi, waya wa taa. Gurudumu likikutana na kitu chenye kimo cha milimita 5, la kipenyo cha milimita 50 linahitaji kusukumwa kwa nguvu inayofikia robo tatu ya uzito uliolikalia ndipo livuke. La milimita 75 linahitaji kama asilimia 58. La milimita 125, asilimia 43. Kitu kikifika milimita 10, lile dogo linadai nguvu inayozidi uzito wenyewe, yaani mara 1.3. Mtu aliyelala chali, anayejisukuma kwa visigino tu, hana nguvu hiyo. Kitanda kinakwama papo hapo, mwili unaendelea, na kichwa kinateleza kutoka kwenye mto kwenda kwenye zege.

Kwa hiyo chagua kipenyo kulingana na sakafu yako. Zege safi: 65 hadi 75 ni sawa kabisa. Zege lenye nyufa na viungo vipana, au lami: tafuta vitanda vyenye magurudumu ya milimita 100 hadi 125 yaliyowekwa nje ya mwili wa kitanda, ubavuni, ili ukubwa wa gurudumu usikuinue wewe. Kwenye udongo au changarawe tupu hakuna kasta ya kawaida inayofanya kazi. Tandika shiti ngumu ya plaiwudi chini, au achana na magurudumu ulalie turubai.

Malighafi ya gurudumu nayo ina sauti yake. Nailoni ngumu inateleza vizuri sana kwenye sakafu laini, ila inapiga kelele na inasimama kwenye kila chenga. Mpira wa asili unanyamaza na kupanda vizuizi vizuri, lakini oili na dizeli huuvimbisha. Baada ya muda gurudumu linakuwa laini kama ufizi na linaanza kukwaruza uma wake, yaani chuma kinachoshika gurudumu pande mbili. Poliurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, ndiyo chaguo letu kwa gereji: inavumilia oili, haichori sakafu, na ni laini kiasi cha kumeza chenga ndogo badala ya kusimama juu yake. Angalia tu kama imeshikana vizuri na kiini cha ndani. Bonyeza ukingo wake kwa ukucha wa kidole gumba, pale ngozi ya nje inapokutana na kiini. Ukiona mwanya wowote, hata wa unene wa karatasi, ngozi hiyo itabanduka.

Idadi je, nne au sita? Hesabu ya mezani inasema fundi wa kilo 90 juu ya kasta nne anaweka kilo 22.5 kwa kila moja. Sakafuni sivyo. Kitanda cha kasta nne ni kama meza ya miguu minne kwenye sakafu yenye mabonde: mguu mmoja unaning'inia, mitatu inabeba, na kati ya hiyo mitatu kuna miwili inayobeba karibu yote. Tena hakuna anayeanza kwa kulala. Unaanza kwa kukalia mwisho wa kitanda, na wakati huo kasta mbili za upande huo ndizo zinazobeba kiwiliwili chote. Ndiyo maana kila kasta inapaswa kuweza kubeba peke yake angalau nusu ya uzito wako. Kasta sita zinasaidia kwa sababu nyingine: zile mbili za katikati zinakaa karibu na kiuno, mahali ambapo fremu ndefu hupinda zaidi. Kwa kitanda chenye urefu wa sentimita 100 au zaidi, chukua chenye sita.

Tazama pia kasta ziko umbali gani kutoka ukingoni. Zikiingia ndani zaidi ya upana wa kiganja kutoka mwisho wa kitanda, ukikalia ukingo huo upande wa pili utainuka na kitanda kitakurushia kichwa chake mgongoni.

Halafu shika uma wa kasta, utikise kushoto na kulia. Kasta nzuri ina safu mbili za gololi kichwani, juu na chini ya bamba, na inazunguka bila kuchezacheza. Kasta dhaifu ina ribiti moja na bamba mbili zinazosuguana. Ukiitikisa unasikia inagonga. Hiyo ikibeba mtu inageuka kwa shida, na ukitaka kubadili mwelekeo kutoka kuingia kwenda kutoka, inabaki imetazama ilikotoka na kitanda kinakwenda mshazari hadi kwenye stendi inayobeba gari.

Pale kasta inapoingia kwenye fremu

Kama una dakika moja tu dukani, itumie hapa.

Kasta hushikwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni mkia (fimbo fupi ya chuma juu ya kasta) usio na uzi wa skrubu, unaosukumwa kwenye tundu na kushikwa na pete ya msuguano. Hii ni ya viti vya ofisini. Ukiinua kitanda, kasta inabaki sakafuni. Usikinunue. Ya pili ni mkia wenye uzi unaopita kwenye tundu la fremu na kukazwa kwa nati. Ya tatu ni bamba la mraba linaloshikwa kwa boliti nne, au ekseli inayopita kabisa kwenye mwili wa kitanda, kama kwenye vitanda vya plastiki vyenye magurudumu makubwa.

Njia ya pili ndiyo utakayoikuta mara nyingi, na namna inavyokufa inastahili kuelezwa taratibu. Nati inalegea nusu mzunguko, kwa sababu kila kasta inapogeuka inatikisa mkia wake. Mkia sasa una nafasi ya nywele moja. Unaanza kugonga kuta za tundu, na kwa kuwa bomba la fremu ni jembamba, tundu linakuwa na umbo la yai. Mkia unaegemea, na uzani wa mtu, ambao zamani ulishuka wima, sasa unausukuma upande. Mkia unapinda kwenye mzizi wa uzi wa mwisho, pale chini ya nati, maana hapo ndipo chuma kilipo chembamba kuliko pote. Gurudumu linainama, linasugua uma, linakataa kuzunguka. Fundi anasukuma kwa nguvu zaidi kwa kisigino, na mkia unakatika. Yote hayo yalianza na nati iliyolegea nusu mzunguko.

Kwa hiyo angalia vitu vitatu kwenye kiungo hicho. Mkia uwe wa milimita 10 au zaidi. Wa 8 ni mwembamba kwa kazi hii. Nati iwe ile yenye pete ya plastiki ndani, au iwe na washa ya kufungia. Na tundu lisiwe kwenye ukuta mtupu wa bomba: liwe na bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma kilichochomelewa, au bamba la kuimarisha, ili mkia ushikwe kwa urefu na si kwa unene wa bati. Ukipata chenye mambo hayo matatu, huo ndio uimara unaoutafuta, hata kama sponji yake ni nyembamba.

Jambo moja kuhusu vipuri: mkia wa inchi 3/8 una kipenyo cha milimita 9.5 na hufanana sana na wa milimita 10 kwa macho. Uzi wao haulingani. Nati ya mmoja ikilazimishwa kwa mwingine inaingia mizunguko miwili kisha inakula uzi. Unaponunua kasta ya kubadilishia, nenda na ya zamani pamoja na nati yake.

Fremu, plastiki au mbao

Fremu ya chuma ikitengenezwa vizuri inashinda zote kwa uzito mkubwa. Bomba la mraba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1.5 linatosha. Ukuta wenyewe utauona ukichomoa kifuniko cha plastiki mwisho wa bomba. Weldi iwe imezunguka kiungo chote; vitone viwili kwenye kona ni kushikiza tu, bado hakujachomelewa. Kisha inua kona moja ya kitanda kwa mkono. Kona ya jirani ikifuata baada ya kupinda kidogo, ni vizuri, maana fremu inayokubali kujipinda kidogo huziacha kasta zote ziguse sakafu. Ikijipinda kama mkeka, weldi zitapasuka.

Kitanda cha plastiki kilichofinyangwa ndicho tunachompendekezea mtu mwenye sakafu nzuri, na sababu kubwa ni kimo. Tufanye hesabu. Kitanda cha fremu huweka mgongo kama sentimita 11 juu ya sakafu. Kifua cha mtu mzima kinakula sentimita 22 hadi 28. Ukiongeza nafasi ya mkono ulioshika spana, unahitaji zaidi ya sentimita 50 kutoka sakafuni hadi kwenye kifaa unachofungua. Kitanda cha plastiki chenye tumbo lililoshuka katikati ya magurudumu huacha sentimita 2 hadi 2.5 tu chini yake, na mgongo unakaa kwenye sentimita 4 hivi. Sentimita 7 ulizookoa ndizo zinazokuwezesha kugeuza kichwa, au kuzungusha spana robo mzunguko bila kugonga kiwiko.

Plastiki ya aina hii, ambayo kwa kawaida ni polietilini nzito, haijali oili, petroli kidogo wala mafuta ya breki. Unaifuta kwa kitambaa na kazi imeisha. Kinachoiumiza ni joto. Inayeyuka karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, na bomba la ekzosti lililotoka kuzimwa lina joto zaidi ya hapo. Cheche za grenda na za weldi huacha vishimo vinavyokwaruza mgongo. Kama kazi yako kubwa ni kuchomelea ekzosti, chukua fremu ya chuma. Udhaifu wa pili ni huo huo wa kimo: tumbo likiwa sentimita 2 kutoka sakafuni, nati ya milimita 10 iliyolala njiani inabaki na uwazi mdogo sana, na kitanda kikipinda kidogo kwa uzito kinaiburuta. Hapo kitanda kimegeuka mfagio, kwa hiyo sakafu inabidi ifagiwe kwanza.

Cha mbao kisidharauliwe. Plaiwudi ya milimita 18, upana wa sentimita 45, urefu wa sentimita 100, na kasta sita za bamba, kinabeba mtu miaka. Kosa linaloviharibu ni skrubu. Skrubu ya mbao inang'oka ndani ya miezi kwa sababu kasta inaivuta upande kila inapogeuka. Toboa hadi upande wa pili, weka boliti nne kwa kila bamba, washa pana juu, na vichwa vya boliti vizamishwe visichome mgongo. Paka vanishi pande zote na kingo, maana plaiwudi inayonyonya oili kwenye ukingo huachana matabaka.

Kinachokunjwa kuwa kiti kina raha yake: dakika moja umekaa unafunga kalipa za breki, dakika inayofuata umelala. Mfano unaojulikana ni Pro-Lift C-2036D, cha umbo la Z, chenye urefu wa inchi 36 na uwezo ulioandikwa wa pauni 300, yaani sentimita 91 na kilo 136. Kwa anayefanya breki na matairi zaidi ya gia boksi, aina hii ina maana. Kwa anayeshinda chini ya gari, bawaba ni viungo vya ziada vya kulegea, na pini ya kufungia ikikaa nusu tundu kitanda kitajikunja na mtu juu yake. Kila unapokibadilisha, vuta pini kwa kidole kuhakikisha imeingia yote, na vidole viwe mbali na bawaba. Hapo ndipo panapobana.

Urefu wa inchi 36 unamtosha mtu mfupi au wa wastani. Mrefu wa sentimita 180 atakuta mfupa wa mkia wake uko ukingoni kabisa, na atachoka. Inchi 40, karibu sentimita 102, inawafaa wengi. Inchi 48 ni raha kwa mgongo, ila kugeuka nacho kati ya stendi mbili ni kazi.

Kuhusu uwezo ulioandikwa: ni wa mzigo uliosambaa, umetulia, juu ya sakafu sawa. Wewe unaingia kwa kukalia ukingo, unaegemea kiwiko, unaweka stata kifuani. Chagua kitanda ambacho uwezo wake ni angalau mara moja na nusu ya uzito wako. Mtu wa kilo 90 basi anaanzia pauni 300. Wa kilo 120 aende kwenye pauni 400 au 450. Na hakuna kitanda cha fundi kinachofaa kubebea gia boksi: uzito wake unakaa sehemu moja ndogo na kuvunja kile ambacho mwili wa mtu ungekibembeleza.

Sponji na reksini tutazipita haraka. Sponji ya sentimita 2 hadi 3 iliyo ngumu ni bora kuliko ya 5 inayobonyea hadi ukahisi mbao. Petroli na viyeyusho huitoa reksini ulaini wake, inakauka na kupasuka kwenye mshono. Ufa ukitokea, sponji inanyonya oili na huwezi kuisafisha tena. Mto wa kichwa uliofungwa moja kwa moja ni bora kuliko wa kurekebisha unaoyumba.

Kabla hujalipa, na wiki ya kwanza

Muuzaji akikuruhusu, na muuzaji mzuri ataruhusu, kalia ukingo wa mwisho uone kama kitanda kinainuka. Lala. Mwambie mwenzako achungulie katikati: kama kitanda ni cha kimo kifupi na tumbo limekaribia sakafu, kimeshindwa. Jisukume mbele kwa kisigino kimoja, simama, jirudishe nyuma. Kasta zote zigeuke zenyewe kabla hujasogea urefu wa kiganja. Weka boliti moja ya milimita 6 mbele ya gurudumu ulivuke. Nyoosha mikono pembeni: vidole vikigusa gurudumu, utavikanyaga mwenyewe siku moja, kwa hiyo tafuta chenye mapengo ya mikono mbali na kasta.

Siku ukikileta gereji, fungua kila nati ya kasta, paka gundi ya uzi ile ya nguvu ya wastani, kaza tena. Baada ya wiki moja ya kazi pitia zote kwa spana, kisha kila mwezi. Chenga za chuma, nyuzi za matambara na nywele hujizungusha kwenye ekseli ya gurudumu hadi lisimame na kuanza kuburutwa. Likiburutwa linapata bapa upande mmoja, na bapa halitengenezeki. Zikate kwa kisu na uzivute kwa koleo. Tone la oili nyepesi kwenye ekseli, grisi kidogo kwenye gololi za kichwa, basi. Grisi nyingi inakusanya vumbi la breki na kugeuka msasa.

Ukikaza au kufungua boliti nzito ukiwa umelala, kitanda ndicho kitakachozunguka badala ya boliti. Vitanda vingine vina breki kwenye kasta mbili na hapo zinasaidia kweli. Kama chako hakina, sukuma kabari ya mbao chini ya gurudumu moja upande unaovutia, au kanyaga zege kwa miguu yote miwili magoti yakiwa yamekunjwa. Sakafu yenye mteremko inadai kabari hata ukiwa umetulia.

Gari liwe juu ya stendi kabla kisigino chako hakijasukuma mara ya kwanza. Jeki inainua tu, haibebi, na kitanda kinachoteleza kikigonga mpini wa jeki kinaweza kufungua valvu yake. Panga stendi ziache njia pana kuliko kitanda kwa kiganja kila upande, na mpini wa jeki uutoe njiani. Ukimaliza, kisimamishe kitanda ukutani kwa ncha ya kichwa, magurudumu yakitazama ukuta, mbali na jua linalopasua reksini. Kikiachwa kimelala sakafuni, atakayekikanyaga kwa mguu mmoja atakuwa amebeba kitu mikononi na hatakiona.